Shuka Langu la Maua

Jumamosi, 1 Machi

Nimepeleka vifuniko vya viti kiwanja cha ndege leo. Vyote vimekaa sawasawa, mishono haionekani hata ukiitafuta kwa tochi. Meneja kanisifu mbele ya watu. Mume wangu hakuwepo kunisikia nikisifiwa. (Kapteni. Mtaa mzima unamwita hivyo, hata mimi nimeshindwa, namwita hivyo hivyo.) Alikuwa nje, ndani ya ile ndege yao ndogo ya kubebea mizigo na wagonjwa. Na huko nyuma, mkiani, alisimama fundi wao.

Mwanamke!

Tangu mwaka uanze nasikia "fundi kasema hivi, fundi kasema vile." Mimi kichwani mwangu nilishampa fundi huyo masharubu na kitambi. Kumbe! Mtu mrefu, ngozi inang'aa, ovaroli imepunguzwa kiunoni. Imepunguzwa na mtu anayejua kazi, nimeuona mshono, mimi hii ndiyo riziki yangu. Mfukoni bisibisi ndefu. Basi jina lake humu ni Bisibisi. La kweli nalijua, ila halitaingia kwenye daftari langu.

Walikuwa wanafanya nini? Eti ukaguzi wa asubuhi. Kapteni ndani anavuta usukani, anausukuma, anakanyaga. Bibi huyu nyuma anatazama mabawa madogo ya mkiani yakipanda na kugeuka, anaita: Juu! Chini! Kushoto! Kulia! Safi! Halafu — hapo ndipo nilipoishiwa nguvu — kalaza shavu lake kwenye ubavu wa ndege. Kafumba macho. Anasikiliza. Na anatabasamu! Kapteni akauvuta usukani mara nyingine, taratibu, kwa ajili ya lile shavu.

Bisibisi kaniona, kaja kunisalimu. "Karibu, shemeji."

Shemeji kwa ndoa ipi?

Jumapili, 2 Machi

Nimemuuliza. Kacheka mpaka chai ikampalia. Anasema ukikaa mbele husikii yanayotokea mkiani. Waya zinatoka kwenye usukani, zinapita chini ya sakafu, zinazunguka roda, vile vigurudumu vya kupitishia waya, zinafika nyuma huko. Waya ukianza kukwaruza, wewe mbele huna habari. Lazima uwe na mtu nyuma.

Lazima uwe na mtu nyuma! Kasema hivyo hivyo, na sukari anakoroga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelitafuta lile shuka la maua nilifunikie mashine. Shuka la harusi yetu, maua madogo mekundu, pamba tupu, nimelifua mpaka limekuwa laini kama ngozi ya mtoto. Limechakaa, sawa. Lakini ni langu. Nimepekua kabati, nimepekua sanduku, nimeinua godoro. Halipo.

Kapteni karudi, nikamuuliza. Hata aibu hana: "Lile? Nilimpelekea fundi. Alikuwa anahitaji pamba iliyochakaa."

Nimenyamaza. Nikinyamaza mimi, mwenye akili hukimbia. Yeye kaenda kuoga, anaimba.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimejua na nimeona kwa macho yangu.

Nilijifanya kuna zipu ya kifuniko inataka kurekebishwa. Nikafika bandani. Bisibisi kainama chini ya tumbo la ndege, na mfuko wake wa nyuma unaning'iniza — maua yangu! Maua mekundu ya shuka nililolalia usiku wa harusi, yamekaa juu ya makalio ya mwanamke mwingine, yanacheza kila akijisogeza. Zipu nilirekebisha vizuri. Mikono haikutetemeka. Mimi nikikasirika mikono inatulia, kinachotetemeka ni magoti.

Jioni nikawasha moto wa maneno. Sikubakiza. Kapteni kajieleza: eti fundi hupitisha kitambaa juu ya waya kwa urefu wake, uzi mmoja tu wa chuma ukiwa umekatika unanasa kwenye pamba, na pamba mpya hainasi vizuri kama iliyochakaa. Nikamwambia dunia ina pamba nyingi, mbona ya kitandani kwangu? Nikamwambia na hilo shavu kwenye ndege? Kasema, "Mke wangu, anasikiliza waya." Nikamwambia mwanamke akifumba macho na kutabasamu hasikilizi waya.

Nimemwapisha. Salamu na kupita, basi. Hakuna kusimama naye, hakuna hadithi, hakuna juu-chini-kushoto-kulia. Ndege ina dirisha la nyuma, ageuze shingo aangalie mwenyewe!

Kasema huo ni utaratibu wa banda lao, meneja kaubandika ukutani: mmoja mbele, mmoja mkiani. Nikasema basi chagua, ukuta au mimi. Kaangalia mikono yake. Nilidhani atanipigia kelele. Afadhali angepiga. Kasema, "Haya. Nitageuza shingo."

Kaapa kwa jina la binti yetu. Nimelala usingizi mzito.

Jumatatu, 10 Machi

Vazi la bibi harusi limenirudia, kiuno hakimtoshi. Kanenepa yeye, lawama zangu.

Kapteni kawahi kurudi. Hakutaja neno "fundi" hata mara moja. Nilikuwa nahesabu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilipita kiwanjani makusudi, nikajibanza kwenye pembe ya ghala la mizigo. Sina haya kuliandika.

Kapteni alikuwa kwenye kiti chake peke yake. Anavuta usukani, anageuza shingo kama kuku anayemtafuta kifaranga. Anavuta, anageuza. Mkiani hapana mtu! Bisibisi kasimama mlangoni mwa banda, mikono kifuani, mdomo kaubinua. Kasusa. Wapakia mizigo wanaangaliana. Mmoja kamtania Kapteni, eti siku hizi shingo yako ina bawaba. Kapteni hakucheka.

Mimi ndiye niliyecheka, kimoyomoyo, njia nzima mpaka nyumbani. Nimempikia anachokipenda. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumanne, 18 Machi

Siku nzuri. Nguo mbili zimechukuliwa, hakuna aliyelalamika.

Mezani Kapteni alikuwa mbali kidogo. Kasema usukani siku hizi mbili tatu unakwaruza akiuvuta kwake. Kidogo tu, kama mchanga kwenye meno. Kaanza, "Ningemwambia fu—" Nikamtazama. Hakumaliza neno. Kajimegea tonge, katafuna, kisha kasema fundi mkuu anarudi kutoka likizo Jumatatu, atamwambia yeye. Fundi mkuu ni mzee mwanamume mwenye upara. Nikasema vizuri sana. Nikamwongezea mchuzi.

Nimeshinda. Najua si vizuri kufurahi hivi, lakini nafurahi. Mume akikusikiliza hata kwa nusu ya neno, hiyo ndiyo ndoa.

Ijumaa, 21 Machi

Ndege imeanguka. Yu hai. Siwezi kuandika.

Jumapili, 23 Machi

Yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Bomba kooni, mguu wa kulia umening'inizwa, uso umevimba hadi nilimtambua kwa kidole chake kilichopinda. Hakuwa na abiria, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Maboksi ya dawa tu. Binti yetu nimempeleka kwa wifi yangu, yule dada yake Kapteni anayejua kila kitu kabla hakijatokea.

Wapakia mizigo waliiona. Alikuwa anarudi, anakaribia kutua, kila kitu kama siku zote. Kisha pua ikainama na haikuinuka tena. Ndege ikapiga chini kabla haijafika kwenye lami, ikajiviringisha kwenye majani.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka mgongo ukafa ganzi. Muuguzi kaniambia nimshukuru yule mwenzangu aliyetoa damu, kundi lake ni adimu, lingekosekana ingekuwa habari nyingine. Mwenzangu yupi? Kaninyooshea kidole. Mwisho wa korido, amekaa sakafuni, ovaroli ina matope magotini, pamba imebandikwa mkononi.

Bisibisi.

Mimi nilishapimwa. Damu yangu haimfai. Nimelala naye miaka yote hii, nimezaa naye, damu yangu haimfai! Ya yule inamfaa. Sasa hivi ninavyoandika inatembea ndani ya mume wangu, inapita moyoni, inatoka, inapita tena. Mungu anisamehe, nilipaswa kupiga magoti nishukuru. Nilichotamani ni kumwambia daktari aitoe.

Jumanne, 25 Machi

Mchunguzi wa ajali kaja kuniona hospitali. Mtu mpole, viatu vina vumbi la kiwanjani, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kasema waya mmoja umekutwa umekatika nyuma karibu na mkia. Ni ule unaovuta bawa dogo la kuinulia pua. Lakini hajui kama ulikatika hewani ukaiangusha ndege, au ndege ilianguka kwanza ndiyo kishindo kikaukata. Inawezekana hivi, inawezekana vile. Ncha zimepelekwa maabara. Uzi uliochakaa kidogokidogo ncha yake huwa hivi, uliovutwa ghafla huwa vile — kanionyesha kwa vidole, nikaelewa mara moja. Hata uzi wa cherehani uko hivyo. Uliosagwa unatoa manyoya, uliovutwa unakatika safi.

Kauliza Kapteni aliwahi kulalamika nyumbani juu ya ndege? Kitu chochote, hata kidogo?

Nikasema sikumbuki.

Kaniangalia kwa huruma. Kasema, "Hata mimi ningekuwa wewe nisingekumbuka."

Mchanga kwenye meno. Nakumbuka mpaka ni tonge gani alikuwa ameshika.

Alhamisi, 27 Machi

Bisibisi kasimamishwa kazi. Wifi ndiye aliyeniletea habari, anatembea kwa maringo kama kashinda kesi. "Si nilisema? Mwanamke na waya za ndege wapi na wapi!" Nikamjibu mbona mimi mwanamke na umeme wa cherehani tunaelewana. Kashangaa. Hata mimi nilijishangaa. Sikuwa namtetea yule. Sijui nilikuwa namtetea nani.

Maana nilipaswa kufurahi! Nilitaka aondoke pale, kaondoka. Nilitaka mkiani pasiwe na mtu — hapana mtu. Tangu wifi aondoke sijala kitu.

Mchana wamemtoa Kapteni bomba. Sauti imekwaruka, neno linatoka kwa taabu. Nilikuwa nimemshika mkono, nimevaa gauni lile la bluu analolipenda. Kafungua macho. Kaniona kabisa. Midomo ikacheza, nikainama.

Kasema, "Fundi."

Na mimi ni fundi. Kwa muda mfupi nikajipa moyo. Kisha akamalizia: "Mwambieni fundi... unakwaruza."

Akalala tena. Nikabaki nimeinama vile vile, sikio kwenye mdomo wake, mpaka muuguzi akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 29 Machi

Nitaandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Saa za mchana hodi ikapigwa. Nilikuwa napindia pazia za watu, maana pazia hazijui kama mume wako yuko hospitali. Bisibisi. Bila ovaroli. Kavaa gauni la kawaida, limekunjamana mgongoni, na kumbe ni mdogo kuliko nilivyodhani. Kashika mfuko wa karatasi. Nikasema karibu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Hata kiti nilimpa, kile kibovu.

Hakukaa. Akatoa kwenye mfuko vipande vya shuka langu. Kavifua. Kavipiga pasi! Kavikunja vizuri kwa ukubwa mmoja. "Nimekurudishia, dada. Sikujua lilikuwa la harusi. Kapteni alinieleza baadaye, siku aliyoniambia hatasimama na mimi tena."

Kumbe alimwambia. Nilihisi joto shingoni. Walikaa wakanizungumza, mke mwenye wivu na shuka lake. Nikamuuliza alimwambia nini hasa.

Kanijibu: "Alisema nyumbani hakuna amani, na yeye anataka amani. Basi."

Kisha akakifunua kipande kimoja juu ya meza yangu. Katikati nyuzi zimevutika, kama mtu kakikwaruza kwa ukucha. "Hiki kilinasa," kasema. "Ile ndege nyingine ya banda letu, mwezi uliopita. Uzi mmoja tu wa waya. Tukaubadilisha waya wote. Ilikuwa ibebe abiria wanne siku ile."

Nikakishika. Pamba yangu. Ningemwuliza mtu yeyote watu wangapi wamependeza kwa mavazi niliyoshona, angenijibu. Kwamba shuka langu limerudisha watu wanne kwao, hakuna aliyewahi kuniambia. Au niliambiwa, nikawa napiga kelele.

Nikasema, mbona basi kwenye ndege ya Kapteni hakikunasa? Sauti yangu ilikuwa kali, nilitaka awe na kosa. Nilitaka sana.

Kasema kitambaa kinapita pale mkono unapofika. Kipande cha waya kilichojificha kwenye roda hakifikiki, mpaka mtu akae mbele auvute usukani, na mwingine mkiani atege sikio. Pale ndipo shavu lake lilipokuwa. Pale pale, juu ya roda, upande wa ndani.

"Na mbona ulikuwa unatabasamu?" Lilinitoka. Nilikuwa nimelibeba tangu siku ya kwanza ya mwezi.

Kaniangalia kama haelewi. Kisha kaelewa, na nikatamani sakafu inimeze. Kasema, "Nikisikia kimya nafurahi, dada. Waya mzima hauna sauti."

Mashine ya jirani inasaga, watoto wanapiga kelele barabarani. Nikadhani kamaliza, nikasogea nimfungulie mlango.

Kasema, "Nimemwambia mchunguzi kwamba asubuhi ile nilikuwepo mkiani. Kwamba nilisikiliza, nikasema safi. Jumatatu natia sahihi."

Nilikaa kwenye kile kiti kibovu mimi mwenyewe.

Lakini si kweli! Kasema anajua si kweli. Kasema ikijulikana Kapteni aliruka bila mtu mkiani, majuma mawili mfululizo, na usukani unakwaruza anajua (neno lile la kitandani muuguzi kamfikishia), basi hataruka tena. Leseni wataichukua, na kuruka kwenyewe ndiyo pumzi yake. Sasa hivi hana sauti ya kujitetea. Wapakia mizigo kawaomba wasikumbuke sana. "Mimi nina mikono," kasema. "Nitatengeneza hata majokofu. Na sikuja kuomba shukrani. Nilimwona, dada. Kila asubuhi nilimwona anageuza shingo peke yake. Ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Nikasusa. Nikasema moyoni, akinitaka ataniita."

Hapo nilipaswa kusema. Kaniachia nafasi, na mimi nilijua nafasi ile ni ya nini. Nilitakiwa kusema: mimi ndiye niliyemkataza.

Nikamwuliza, "Unampenda mume wangu?"

Kachukua mfuko wake wa karatasi, kaukunja, kaukunja tena. "Kwani mtu ukimhurumia, mpaka uwe unampenda?"

Hilo si jibu. Ni swali. Nimelifumua na kulishona tangu aondoke, kila upande linatoa maana tofauti. Mtu hatupi kazi yake, jina lake, ujuzi aliousomea, kwa ajili ya mume wa mtu, hivi hivi tu! Au anaweza? Mimi ningefanya? Kwa Kapteni ndiyo. Kwa mwingine, thubutu.

Kwa hiyo anampenda. Au ni mtu mwema kuliko mimi. Na sijui lipi kati ya hayo mawili linaniuma zaidi — ndiyo, najua. La pili.

Jumapili, 30 Machi

Kapteni kaongea sentensi nzima. Kaomba maji, kauliza binti yuko wapi, kauliza ndege imebaki nini. Hakumbuki siku yenyewe. Anakumbuka hadi alipofunga mlango, basi.

Nikamwambia fundi kasimamishwa. Niliitazama sura yake nikiliandaa jicho langu. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, hawezi kujifuta, mikono imefungwa. Nikamfuta mimi.

Kasema kwa ile sauti ya mchanga: "Hana kosa. Waambie."

"Niwaambie nini?"

Kaniangalia. Muda mrefu. Hakuna lawama machoni mle, nilitafuta. Kisha kafumba macho. "Basi, acha," kasema. "Usiwaambie kitu. Amani."

Amani! Hilo neno mara ya pili juma hili. Ananilinda. Huyu ananilinda kwa kunyamaza, yule anamlinda yeye kwa uongo, wote wawili wanaelewana bila hata kuongea, na mimi katikati kama mzigo dhaifu uliobandikwa karatasi: shika taratibu. Wifi naye anamwaga sumu mtaa mzima juu ya Bisibisi, kila akimaliza ananigeukia mimi niitikie. Naitikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Sentensi hii nimewashonea watu kwenye mito, sijawahi kudhani ni yangu.

Jumatatu, 31 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya mlango wa meneja, kiwanjani. Daftari limekaa juu ya mkoba. Mchunguzi yuko ndani na Bisibisi. Anasomewa maelezo yake kabla hajatia sahihi. Ukuta ni wa mbao nyembamba, nasikia sauti bila maneno. Yake imetulia.

Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe. Kwa wifi nimesema napeleka kipimo cha vifuniko.

Mbele yangu, ukutani, ule utaratibu. Nimeusoma mpaka nimeukariri. Mmoja mbele, mmoja mkiani. Herufi kubwa, karatasi imefunikwa nailoni isichafuke kwa mikono. Mimi ndiye niliyemwambia achague kati yake na hii karatasi.

Nimefikiri njia nzima. Nikinyamaza, Kapteni anapona, anarudi angani, mtaa unamshangilia. Na kila asubuhi akikaa kwenye kile kiti atajua ameketi hapo kwa sababu ya Bisibisi. Damu yake, na uongo wake juu. Nitampikia, nitamfulia, nitamshonea, na sitafikia hata robo. Mke mzima nitakuwa mgeni kwenye ndoa yangu! Nikisema, anapoteza kuruka. Atakaa nyumbani ananitazama nikishona. Atanichukia, labda. Lakini yule atarudishiwa bisibisi yake, na mimi nitarudishiwa kilicho changu.

Maana kosa ni langu. Langu! Shuka langu, mume wangu, kosa langu. Yeye nani ajivike? Kwenye damu amechukua nafasi iliyokuwa yangu, sasa anataka na lawama? Kama kuna wa kudanganya kwa ajili ya Kapteni, ni mimi mkewe. Na kama kuna wa kusema kweli, ni mimi vilevile. Wema huu wa wivu sijui Mungu anaupokeaje. Ndio niliokuja nao, mwingine sina.

Maabara bado haijajibu. Huenda waya ulikatika kwa kishindo tu. Huenda haikuwa waya, wala mkia, wala mimi. Nimeomba iwe hivyo mpaka midomo imekauka. Lakini ule mchanga kwenye meno niliusikia.

Sauti zimenyamaza. Kiti kimevutwa.

Mlango umefunguka. Bisibisi katoka, macho makavu, kidole kina wino wa kalamu. Kanikuta. Kaona kipande cha shuka nilichoshika — kile chenye nyuzi zilizovutika. Kainama, kanong'ona: "Dada, nenda nyumbani. Yameisha."

Kanigusa bega akapita. Namwona dirishani, anavuka uwanja, anapita karibu na ile ndege nyingine. Kapunguza mwendo. Mkono umenyooka, kaigusa mkiani, kaendelea.

Mchunguzi kasimama mlangoni, kalamu bado mkononi. Kanisalimu kwa upole ule ule, kauliza mgonjwa anaendeleaje. Nimesema anaendelea vizuri. Kauliza nimemfuata meneja? Nimesema hapana, nimekufuata wewe. Kaniangalia, kaliangalia shuka, hajui ni la nini.

"Na wewe, mama, ulikuwa wapi katika habari hii?"

Nimemwomba angoje kidogo nimalize mstari. Anangoja. Mlango kaushika wazi. Mikono yangu imetulia kabisa, magoti ndiyo